Kila Huduma na Anwani Yake: Njia Rahisi ya Kumnasa Tapeli wa Barua Pepe

Umewahi kupata barua pepe inayosema akaunti yako ya malipo imefungwa, bonyeza hapa uifungue? Wengi hushtuka, wakabonyeza, na kabla chai haijapoa pesa zimeshaenda. Leo tunakuonyesha njia ya kuitambua barua kama hiyo mapema.

Siri ni moja tu: usitoe anwani ileile kila mahali. Kama biashara yako ina domeini, tuseme jinalako.co.ke, seva ya barua inaweza kupangwa ipokee neno lolote linalotangulia alama ya @. Hapo huduma ya malipo unaipa malipo-k47@jinalako.co.ke, na anayekuletea unga unampa unga@jinalako.co.ke. Barua zote zinaingia kikasha kimoja.

Kwa cPanel, mpangilio huo unaitwa Default Address. Kwa Postfix, fundi wako anaongeza @jinalako.co.ke na anwani yako halisi kwenye faili ya virtual, kisha anaendesha amri ya postmap. Mwambie aandike humo pia anwani za wafanyakazi wako, la sivyo barua zao zote zitakuja kwako!

Huna domeini? Gmail inakubali alama ya kujumlisha. Andika jina+malipo@gmail.com na barua itakufikia vilevile.

Faida yake? Barua inayojiita ya malipo ikitua kwa unga@, jua ni bandia, kwa sababu huduma ya malipo haina anwani hiyo. Tena unapata fununu ya nani amevujisha anwani yako. Ukiona data yako imetumiwa vibaya, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Lakini chunga mambo haya:

1. Matapeli hubahatisha maneno kama info@ na sales@, kwa hivyo barua taka zitaongezeka. Anwani iliyochafuka, mwambie fundi aizime.

2. Mpangilio huu ni wa kupokea tu. Ukijibu bila kubadilisha anwani ya mtumaji, anwani yako halisi itaonekana.

3. Barua kufika kwa anwani sahihi si hakikisho. Hatutawahi kukuuliza PIN yako kwa barua pepe, hata siku moja.

4. Hili ndilo kubwa: lipia domeini kabla muda wake haujaisha. Ikikuponyoka, atakayeinunua anaweza kuweka mpangilio huuhuu na kupokea kila barua inayotumwa kwako, pamoja na zile za kubadilisha nywila. Hapo amepata ufunguo wa akaunti zako, na hata hajakupigia simu.

Kwa hivyo leo, kabla ya kulala, fanya mambo mawili. Angalia tarehe ya domeini yako kuisha, kisha badilisha anwani ya akaunti yako ya malipo iwe ya peke yake. Kaa chonjo!