Cheti kwanza, gwanda baadaye

Kata ya Ibadakuli, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, inabeba uzito mkubwa katika uchumi wa Kanda ya Ziwa kuliko jina lake linavyojulikana. Hapo ndipo unapoishia msongo wa umeme wa kilovolti 400 unaotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida, umbali wa kilomita zipatazo 670, na kutoka katika kituo hicho cha kupoza umeme nishati huelekezwa Mwanza, Bulyanhulu na ukanda wa dhahabu wa Geita. Hapo pia ndipo ulipo uwanja wa ndege wa Shinyanga, ambao miaka ya karibuni umekuwa ukijengwa upya kwa lami. Wilayani Kishapu, mkoa huohuo, Serikali inajenga mradi wa umeme wa jua wa megawati 150 kwa awamu, na reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, itaendeshwa kwa umeme. Yote haya yanahitaji mafundi: wa umeme wa viwandani, wa mitambo mizito, wa uchomeleaji, wa pampu, wa elektroniki. Lakini kijana wa hapa anapomaliza kidato cha nne au cha sita, shauri analopewa mara nyingi nyumbani ni moja: nenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ukitoka huko jeshi litakuchukua, nalo litakufundisha ufundi.

Shauri hilo hutolewa kwa nia njema, na lina sehemu ya ukweli. Hata hivyo, likipimwa kwa mizani ya soko la ajira la Shinyanga na Geita, linaanza na hatua ambayo ingepaswa kuwa ya pili. Jeshi ni mwajiri mzuri wa fundi aliyekwisha kuiva, ila si njia ya uhakika ya kumtoa mtu katika kutojua kazi hadi kuwa fundi anayetambulika. Anayetaka maisha ya ufundi ndani ya gwanda atafika salama zaidi akitangulia kupata cheti chake, kisha akabisha hodi jeshini akiwa na ujuzi mkononi. Hoja ya makala haya ni hiyo, na haina maana ya kumvunja moyo yeyote anayetaka kulitumikia taifa.

Tuanze na haki ya jeshi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoundwa Septemba 1, 1964, si la bunduki na kwata pekee. Lina ndege na meli za kutunza, magari na mitambo ya mawasiliano, wahandisi wa medani na hospitali kubwa ya Lugalo. Chini ya Wizara ya Ulinzi kuna Shirika la Nyumbu la Kibaha, lililojikita katika teknolojia ya magari, na Shirika la Mzinga la Morogoro. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 10, 1963, lina SUMAJKT, chombo chake cha uzalishaji chenye shughuli za ujenzi, viwanda, kilimo na ulinzi. Ukuta wa machimbo ya tanzanite ya Mererani, uliojengwa na jeshi kwa urefu wa kilomita 24.5, uliagizwa Septemba 2017 na kuzinduliwa Aprili 2018. Ni ushahidi wa kile nguvu kazi yenye nidhamu inachoweza kufanya kwa miezi michache. Mwanajeshi aliyeajiriwa hupata mshahara usiotegemea bei ya dhahabu, matibabu, na mafao ya uzeeni. Katika mkoa ambao vibarua wengi huajiriwa na kuachwa kwa msimu, hayo si mambo madogo.

Ubora huo huonekana wazi zaidi ukitazama umri wa migodi. Golden Pride ya Nzega ilianza kuzalisha mwishoni mwa miaka ya 1990 na ikafungwa mwaka 2014. Tulawaka ya Biharamulo ilifunguliwa mwaka 2005, na kufikia 2013 mwekezaji wake alikuwa ameondoka na mgodi kuchukuliwa na Serikali kupitia shirika lake la madini, STAMICO. Buzwagi ya Kahama ilizinduliwa mwaka 2009, ikasitisha uzalishaji mwaka 2021, na eneo lake sasa limetengwa kwa uwekezaji wa viwanda. Bulyanhulu yenyewe, baada ya Serikali kuzuia usafirishaji wa makinikia mwaka 2017, ilipunguza kazi na wafanyakazi wengi wakarudi nyumbani, mpaka makubaliano ya Serikali na mwekezaji yaliyozaa kampuni ya ubia ya Twiga yalipofungua njia ya kurejesha uzalishaji. Fundi aliyefungamanisha maisha yake na shimo moja amejifunga kwenye kitu chenye mwisho. Mzazi anayesema jeshi halifungwi kama mgodi ana hoja, na anayempinga hana budi kuijibu.

Jibu linaanzia mlangoni. Kwa kijana wa kawaida, njia ya kuingia jeshini hupitia JKT, ama kwa mujibu wa sheria kwa wahitimu wa kidato cha sita, utaratibu uliositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, ama kwa kujitolea kwa mkataba wa miaka miwili. JKT imekuwa ikirudia kila mwaka kuwaambia vijana na wazazi kwamba mafunzo yake si ahadi ya ajira. Wengi hawalisikii onyo hilo mpaka mkataba unapokaribia kwisha. Mwaka 2021 aliyekuwa Mkuu wa Majeshi, Jenerali Venance Mabeyo, alieleza hadharani kwamba vijana 854 waliondolewa JKT baada ya kugoma wakidai kuajiriwa. Mwaka uliofuata walisamehewa na kuruhusiwa kurudi. Tukio lile lilijadiliwa kama suala la nidhamu, na lilikuwa hivyo. Kiuchumi, lilionyesha jambo jingine: idadi kubwa ya vijana wenye nguvu walikuwa wameweka mtaji wao wote wa ujana katika nafasi ambazo hazikuwapo.

Mtaji huo una muda wake. Matangazo ya kujiunga na JWTZ huweka ukomo wa umri, na ukomo huo kwa kawaida huwa wa juu zaidi kwa mwenye stashahada au shahada kuliko kwa mwenye kidato cha nne. Hutaka pia mwombaji asiwe ameoa wala kuolewa. Kijana anayeingia kambini na miaka 19 bila fani, akatoka na 21, akasubiri tangazo mpaka 24, amefika ukingoni akiwa na nidhamu nzuri na mikono mitupu. Mwenzake aliyetumia miaka mitatu ya mwanzo ya kipindi hichohicho kusoma umeme wa viwandani au ufundi wa mitambo, akapitia JKT baada ya hapo, anaingia katika kundi jingine kabisa: kundi la wataalamu wa fani, ambalo jeshi hulitafuta kwa sababu halina muda wa kumfundisha kila mtu kuanzia sifuri. Na jeshi lisipomchukua, mlango wa TANESCO, wa wakandarasi wa migodini na wa karakana ya mtaani bado uko wazi kwake.

Upande wa soko unadai karatasi kwa sababu za kisheria na za usalama. Anayefunga umeme kwenye majengo anahitaji leseni ya EWURA, na leseni hiyo hutolewa kwa kuangalia sifa za masomo na uzoefu. Anayelipua baruti mgodini lazima awe na cheti cha ulipuaji. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini za mwaka 2018 zinaibana migodi iajiri wazawa na kununua huduma za wazawa, lakini mgodi hukubali tu mzawa anayeweza kuthibitisha anachokijua. Migodi yenyewe ililiona pengo hili mapema, na ndiyo maana ilishirikiana na chuo cha ufundi stadi cha VETA Moshi kuanzisha mafunzo maalumu ya mafundi wa migodini. Mtu aliyetengeneza magari ya kambi kwa miaka 5 anaweza kuwa hodari kweli. Bila cheti, mwajiri wa Geita hana namna ya kuutofautisha uhodari wake na maneno matupu.

Pingamizi la kwanza ni la umaskini, na ndilo zito kuliko yote. JKT humpa kijana chakula, malazi na posho, ilhali chuo kinataka ada. Ni kweli, lakini tofauti ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA vya Serikali imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, kiasi ambacho kaya nyingi za wakulima wa pamba na mpunga zinaweza kukipata kwa kujibana. Kwa stashahada, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha wanafunzi wa fani za kipaumbele, zikiwamo za nishati na madini. Kinachobaki kuwa kigumu ni vifaa, nauli na chakula, na hapo halmashauri na migodi yenye fedha za maendeleo ya jamii inazozitoa kila mwaka zina wajibu. Mwanafunzi mmoja akigharimiwa mpaka akapata cheti, faida yake itadumu kuliko rangi ya darasa iliyopakwa kwa fedha hizohizo.

Pingamizi la pili linasema wenye vyeti nao wamejaa mtaani. Wamo, na kuwaficha hakusaidii. Lakini cheti hakimfungi mtu kwa mwajiri mmoja. Kati ya Kahama, Msalala, Nyang'hwale na Geita, wachimbaji wadogo wanaendesha makarasha, pampu za kutoa maji kwenye maduara, jenereta na mitambo ya uchenjuaji, na kila saa ambayo mota imeungua ni hasara. Fundi wa kusuka mota anayeaminika hakosi kazi huko. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyorejeshwa mwaka 2024 baada ya kusitishwa, imetenga asilimia 4 kwa vikundi vya vijana, na kikundi chenye ujuzi unaoonekana kina la kuombea.

Pingamizi la tatu ni kwamba jeshi hujenga nidhamu ambayo chuo hakiwezi kuijenga. Migodi huithamini nidhamu hiyo, kwa sababu chini ya ardhi uzembe huua. Hilo linatosha kumshauri kijana apite JKT. Halitoshi kumshauri aache chuo. Isitoshe, fundi wa jeshi ni askari kwanza. Desemba 2017, katika shambulio la Semuliki mashariki mwa Kongo, zaidi ya wanajeshi 10 wa Tanzania walipoteza maisha wakilinda amani. Anayeingia jeshini kwa sababu ya spana peke yake hajaielewa kazi anayoiomba, na anawanyima haki waliokwenda huko kwa kiapo. Uaskari uchaguliwe na mwenye wito wa uaskari, awe na fani au asiwe nayo.

Serikali nayo ina sehemu yake. Jirani zetu wa Kenya hutangaza nafasi za mafundi wenye vyeti kama kundi la pekee, na jeshi lao lina chuo chake cha ufundi jijini Nairobi. Marekani ina mpango unaowawezesha wanajeshi kusajili saa za kazi za ufundi wanazofanya wakiwa kazini na kupata cheti kinachotambulika uraiani. Tanzania ina chombo kinachofanana na hicho tayari: VETA hupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na mafundi wengi wa mtaani wamenufaika. Utaratibu huo ukipelekwa katika kila kambi ya JKT, kijana aliyejenga, aliyechomelea na aliyeendesha trekta kwa miaka miwili atatoka na uthibitisho wa alichokifanya, aajiriwe na jeshi au asiajiriwe.

Kwa mzazi na kijana wa Ibadakuli, hukumu ni hii: jeshi lisiondolewe kwenye orodha, liwekwe mahali pake. Omba nafasi ya VETA kwanza, maliza fani, nenda JKT, kisha uombe jeshi ukiwa na kitu cha kuliongezea. Likikuchukua, utalitumikia ukiwa fundi. Lisipokuchukua, ufundi wako utakulisha.