Je, Wajua? Namba Moja Inavyotikisa Bajeti Nzima ya Filamu

Bajeti ya filamu ina mamia ya mistari, na ya filamu kubwa ina maelfu: ujira wa mwongozaji, kodi ya kamera, mafuta ya jenereta, maji ya kunywa, nauli ya mwigizaji anayekuja kwa siku moja na kuondoka. Je, wajua kwamba mtayarishaji anayeijua kazi yake anaweza kubadilisha sehemu kubwa ya mistari hiyo kwa kuandika upya namba moja tu?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari walilolizungumzia huandika fedha iliyokwisha kutoka au kuingia. Bajeti ya filamu ni daftari la fedha ambayo bado haijatoka, ya kazi ambayo bado haijafanyika, na mara nyingi ya mahali ambapo hakuna aliyekwenda kupima. Ndiyo maana watu wa filamu waliundiwa programu zao wenyewe.

Iliyo maarufu zaidi Marekani ni Movie Magic Budgeting, ambayo leo iko mikononi mwa Entertainment Partners, kampuni ya Burbank, California. Kabla ya kompyuta, bajeti iliandikwa kwa penseli kwenye fomu ndefu zilizochapwa, na jumla zikapigwa kwa mashine ya kuhesabia. Studio ikiamua kuongeza wiki moja ya upigaji picha, karani alifuta na kuandika upya ukurasa baada ya ukurasa, na kosa moja kwenye ukurasa wa 30 lilipanda mpaka wa kwanza bila mtu kuliona.

Programu imejengwa kwa ngazi tatu. Juu kabisa kuna ukurasa wa jumla, ambao mwenye fedha huusoma kwanza: idara zote, kila moja na namba yake ya akaunti na kiasi chake. Fungua idara moja, mathalani waigizaji, utakuta akaunti ndogo: waigizaji wakuu, wasaidizi, wa ziada wanaojaza barabara na soko. Fungua akaunti ndogo, ndipo ufike chini, kwenye mistari yenyewe. Kila mstari una maelezo, idadi, kipimo (siku, wiki au malipo ya mkupuo), mara ngapi, na bei. Programu huzidisha, hupeleka jibu ngazi ya kati, kisha juu. Katika bajeti iliyokamilika, hakuna anayeandika jumla kwa mkono wake. Jumla hutoka chini.

Kwenye ukurasa wa jumla kuna pia mstari wa mpaka. Juu yake hukaa walioshikilia wazo na majina: mwandishi, watayarishaji, mwongozaji, waigizaji wakuu. Malipo yao hupatanwa mmoja mmoja na huwekwa kwenye mkataba mapema. Chini yake hukaa wanaoifanya kazi yenyewe: kamera, taa, sauti, mavazi, usafiri, chakula, na baadaye uhariri na muziki. Fedha ikipungua, kisu hukata kwanza chini ya mpaka, kwa sababu ya juu yameshatiwa saini.

Fundo la kwanza, na utamu wa programu hii, ni namba zenye majina. Badala ya kuandika 24 kwenye kila mstari unaohusu siku za upigaji picha, unaunda jina moja, tuseme SIKU, unalipatia thamani ya 24, kisha unaandika SIKU kila mahali panapostahili. Watu wa fani huziita globali.

Chukua filamu ya kubuni inayopigwa Lamu, na tuangalie mistari minne tu. Fundi sauti mmoja kwa shilingi 12,000 za Kenya kwa siku. Wasaidizi wa taa wanne, kila mmoja shilingi 5,000. Chakula cha watu 45, shilingi 900 kwa kichwa. Na kwa kuwa mji wa kale wa Lamu haupitiki kwa magari, mashua tano za kukodi, shilingi 8,000 kila moja. Kila siku ya kazi inakula shilingi 112,500, na kwa siku 24 ni milioni 2.7.

Sasa mwongozaji anasema hawezi kumaliza kwa siku 24, anataka 26. Unafungua globali, unafuta 24, unaandika 26. Mistari yote minne inajihesabu upya na kufika 2,925,000. Akiba ya dharura, iliyowekwa kuwa asilimia 10, nayo inapanda kutoka 270,000 hadi 292,500. Siku mbili zimegharimu shilingi 247,500, na hapo hatujagusa kamera, hoteli wala ulinzi. Mwongozaji alidhani anaomba siku mbili, kumbe ameomba karibu robo milioni, na mtayarishaji anaweza kumwonyesha kwenye skrini wakiwa wameketi meza moja.

Fundo la pili ni michango ya mwajiri. Anayeandika bajeti kwa mara ya kwanza huandika ujira akadhani amemaliza. Huko Marekani mwajiri huongeza asilimia 6.2 ya ujira kwa ajili ya hifadhi ya jamii na asilimia 1.45 kwa ajili ya bima ya afya ya wazee. Juu ya hapo kuna kodi ya serikali kuu ya ukosefu wa kazi, ambayo hutozwa kwenye dola 7,000 za kwanza tu za kila mfanyakazi kwa mwaka. Mwigizaji aliye mwanachama wa chama cha waigizaji huongezewa mchango wa pensheni na afya unaopita asilimia 20. Kila mchango una kiwango chake, na mingine ina kikomo chake. Unaviandika mara moja kwenye jedwali, unavibandika kwenye mistari inayohusika, na programu inajua ni lini iache kutoza. Hesabu hizo kwa watu 80, kila mmoja na kikomo chake, ndizo zilizokuwa zikimkeshesha karani wa zamani.

Fundo la tatu ni makundi. Mstari wowote unaweza kuvishwa alama, kisha kundi zima likazimwa au kuwashwa. Kama hujaamua upige picha mjini au kijijini, unaandika gharama za pande zote mbili, unazima upande mmoja na kusoma jumla, kisha unageuza. Makundi hutumika pia kutafuta nafuu za kodi. Jimbo la Georgia nchini Marekani hutoa nafuu ya asilimia 20 ya matumizi yaliyofanyika ndani ya jimbo kwa kazi zinazovuka dola 500,000, na asilimia 10 nyingine iwapo nembo ya jimbo itaonyeshwa kwenye filamu. Mtayarishaji huvisha alama kila mstari unaokubalika, kundi likamwambia ni kiasi gani kitarudi. Fedha za kigeni nazo zina jedwali lake: mstari mmoja kwa shilingi, mwingine kwa randi, jumla kwa dola, na kiwango cha ubadilishaji kikipanda unakirekebisha mahali pamoja.

Kwa uwezo wote huo, programu haina habari hata moja ya dunia. Ukiandika kwamba onyesho la mapigano litapigwa kwa siku tatu, itazidisha kwa tatu bila kuuliza. Mwaka 1976 Francis Ford Coppola alikwenda Ufilipino kupiga Apocalypse Now kwa bajeti ya dola milioni 12 hivi. Kimbunga kikabomoa seti zake, mwigizaji mkuu Martin Sheen akapatwa na mshtuko wa moyo, na upigaji picha ukachukua siku 238. Gharama zilivuka dola milioni 30. Mistari ya bajeti ile haikukosewa kujumlishwa. Kilichovunjika ni namba ya siku, na namba ya siku ikivunjika hakuna mstari unaobaki mzima.

Hofu ya namna hiyo ndiyo iliyozaa, miaka mingi kabla ya Coppola, mdhamini wa kukamilisha filamu. Kampuni ya Film Finances ilianzishwa London mwaka 1950, na kazi yake ni kumhakikishia mwenye fedha kwamba filamu itamalizika. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni The African Queen ya John Huston, iliyopigwa mwaka 1951, sehemu kubwa Kongo ya Wabelgiji na Uganda, ikiwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Wafanyakazi waliugua tumbo na malaria, na mashua ikazama ikabidi ivutwe kutoka majini. Filamu ilikamilika, na Bogart akapata Oscar kwa kazi hiyo.

Mdhamini wa aina hii hukaa na mswada, ratiba na bajeti pamoja, na kinachomshughulisha ni kama vinasema jambo moja. Ratiba ikionyesha usiku sita wa kazi majini, atatafuta mstari wa waokoaji, wa taa za usiku na wa mashua ya akiba. Asipouona, hajali jumla imepangika vizuri kiasi gani. Kwa desturi hutaka pia asilimia 10 ya dharura ibaki bila kuguswa mpaka kamera zianze kazi, kwa sababu mtayarishaji anayebanwa huanza kula akiba hiyo hata kabla ya siku ya kwanza.

Kwa hiyo, siku ukiwekewa mbele bajeti ya filamu, tamthilia au hata tangazo la biashara, na ukaombwa fedha yako, usianze na jumla iliyo chini ya ukurasa wa kwanza. Omba uonyeshwe orodha ya globali: siku ngapi, watu wangapi, wiki ngapi za uhariri, kiwango gani cha dola. Mara nyingi orodha hiyo haijazi ukurasa mmoja. Kisha mwulize aliyeiandika kila namba aliipata wapi. Akikujibu kwamba 24 ilitokana na kuhesabu kurasa za mswada na maeneo ya kupiga picha, endelea kusoma. Akikujibu kwamba aliiweka ili jumla ifikie kiasi ulichosema unacho, funga kompyuta, maana bajeti hiyo imeandikwa kinyumenyume na gharama halisi utazijua kazi ikiwa katikati.