Farasi wa Bahari Ndani ya Tangi la Kioo

Katika bahari ya Tanzania, penye majani ya baharini na matumbawe, huishi samaki mdogo mwenye kichwa kama cha farasi na mkia kama wa kinyonga. Jina lake ni farasi wa bahari. Hana magamba, mwili wake umezungukwa na pingili ngumu za mfupa. Mtoto wa Mbalizi aliyemwona kinyonga akijizungusha katika kijiti ataufahamu mara moja mkia huo, ijapokuwa bahari i mbali naye.

Samaki huyu ni mwogeleaji dhaifu. Huenda wima, akisukumwa na pezi dogo la mgongoni litikisikalo hata mara 35 kwa sekunde moja, na juu ya hayo mwendo wake ni wa polepole sana. Mkondo wa maji ukija, hawezi kushindana nao. Basi hukamata jani kwa mkia wake, akashikilia mpaka maji yatulie. Mkia ndio kinga yake.

Atiwapo katika tangi la kioo, kinga hiyo humponza. Farasi wa bahari wa nchi za joto hupendezwa na maji ya nyuzi 22 hadi 25 hivi, na Mbalizi ni nchi ya juu. Usiku wa Juni na Julai maji hupoa upesi. Kwa hiyo afugaye huko hana budi kutia majini kijiti cha umeme cha kupashia joto. Samaki hukiona kijiti hicho kuwa bua la majani, akakishika. Umeme ukiwaka haachi, maana kushikilia ndiyo desturi yake, na ngozi huungua. Kisha vijidudu huingia katika kidonda, naye aweza kufa. Wengine hukizungushia kijiti wavu wa plastiki wenye matundu membamba kuliko mkia. Wavu wafaa, lakini hulegea. Ni afadhali kijiti kikae katika tangi la pili, na maji yapite katika mpira toka tangi moja hata jingine.

Pampu nayo ina mdomo unyonyao maji, na mkia huweza kuvutwa ndani yake. Mdomo huo hufunikwa kwa sponji. Sponji isipooshwa mara kwa mara huziba, maji yasizunguke, na samaki akakosa hewa. Wala pampu isiwe na nguvu mno: farasi wa bahari hana tumbo la kuwekea chakula, hula uduvi mara nyingi kwa siku, na mkondo mkali huwachukua uduvi kabla hajawafyonza.

Tena lazima apewe kitu chake cha kushika, kama matawi ya plastiki, au kamba ya plastiki iliyofungiwa jiwe, mbali na vyombo vyote.

Dume ndiye achukuaye mayai, katika mfuko wa tumboni mwake. Watoto wakizaliwa ni wadogo mno, hata sponji yaweza kuwanasa. Huhamishwa siku iyo hiyo katika chombo kisicho na pampu yenye nguvu.