Ganzi ya Mikono katika Safari Ndefu za Pikipiki



Kila theluji inapokwisha kuyeyuka na barabara zikakauka, vijana wetu wa Louisville, Columbus na Buffalo huzitoa pikipiki zao mabandani na kuanza kutembeleana. Wengi wao waliijua pikipiki kabla ya kuijua motokaa, kwani huko Afrika Mashariki walikula mkate wao kwa bodaboda, kazi ambayo jina lake lilizaliwa katika mpaka wa Busia, baina ya Kenya na Uganda, enzi za baiskeli. Lakini bodaboda ni safari ya dakika kumi, kisha abiria hushuka, nauli hulipwa, na mikono hupumzika. Hapa mambo ni mengine. Kutoka Louisville hadi Columbus ni maili 210 hivi kwa barabara kuu ya I-71, na kutoka Columbus hadi Buffalo, kwa kupitia Cleveland na kuambaa ukingo wa Ziwa Erie, ni maili 330 nyingine. Mtu huondoka baada ya sala ya Alfajiri, na kabla jua halijapanda sawasawa vidole vyake vimekuwa kama vya mtu mwingine: vinawasha, vinachomachoma, kisha havisikii kitu.

Tumewasikia wengi wakilifanyia mzaha jambo hili. Sisi hatulioni kuwa la mzaha. Vidole viwili vilivyokufa ganzi ndivyo vinavyotegemewa kuikamata breki katika mwendo wa maili 65 kwa saa, na mkono huohuo, Jumatatu ikifika, ndio utakaoinua maboksi ghalani, kukata nyama kiwandani au kusuka nywele za watu kwa malipo. Familia nyingi zetu hazina akiba nyingine zaidi ya mikono miwili ya baba na miwili ya mama.

Yafaa kwanza kuelewa kinachotendeka. Hisia za kiganja huletwa na mishipa ya fahamu, na miwili kati yake ndiyo inayotuhusu hapa. Mmoja hupita katikati ya kifundo cha mkono, ndani ya njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa upande mmoja na ukano mgumu upande wa pili. Humo umebanana pamoja na kano tisa zinazokunja vidole. Mshipa huu huhudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kile cha pete. Wa pili hupita nyuma ya kiwiko, pale mahali ambapo mtu akijigonga huruka kwa uchungu, kisha huingia kiganjani upande wa kidole cha mwisho. Njia yake ya kifundoni ilielezwa na tabibu Mfaransa, Guyon, mwaka 1861. Kwa hiyo msafiri akishuka, ajiulize ni vidole vipi vilivyokufa. Ikiwa ni gumba na jirani zake, huenda kifundo kimekunjwa mno. Ikiwa ni kidole cha mwisho na jirani yake, huenda ameulalia usukani kwa ukingo wa kiganja, au amekunja viwiko kwa muda mrefu. Waendesha baiskeli za masafa wanaifahamu sana hii ya pili. Na ikiwa ni vidole vyote, tena katika mikono yote miwili, basi shaka kubwa tuielekeze kwenye mtikisiko wa injini na ukali wa kushika.

Injini ya pistoni moja, kama zile za pikipiki ndogo tulizozizoea, haina pistoni ya pili ya kuizuia isirushe mwili wa chombo juu na chini. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, basi huutikisa usukani mara 100 kwa kila sekunde, na injini ndogo haiwezi kwenda sambamba na malori ya I-71 isipozungushwa kwa kasi kubwa. Mtikisiko huo huchosha mishipa ya fahamu, na pia hubana mishipa midogo ya damu ya vidole. Kisha kuna hila moja mbaya: mkono usiosikia huogopa kuachia, kwa hivyo hukaza zaidi, na kadiri unavyokaza ndivyo unavyopokea mtikisiko zaidi na ndivyo damu inavyozidi kukosa njia.

Jambo hili si geni katika pande hizi tunazoishi. Ng'ambo ya Mto Ohio, kaskazini-magharibi ya Louisville, uko mji wa Bedford katika jimbo la Indiana, unaojulikana kwa machimbo ya mawe ya chokaa. Mawe ya Indiana ndiyo yaliyojengewa uso wa jumba la Empire State kule New York. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton alikwenda Bedford kuwachunguza wachongaji waliotumia nyundo za upepo. Aliwakuta watu wazima, wenye nguvu zao, ambao asubuhi ya baridi vidole vyao hugeuka vyeupe kama vya maiti na kupoteza hisia, hata kufunga vifungo vya shati kukawa kazi. Alionyesha kwamba nyundo, baridi na namna ya kukishika chombo ndivyo vilivyoshirikiana kuwadhuru. Mwaka uliofuata mama huyo akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Leo nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria ya mwaka 2002 inayopima mtikisiko unaoingia mkononi mwa mfanyakazi kwa saa nane na kuuwekea kikomo. Marekani ya shirikisho haina kanuni kama hiyo mpaka sasa, na kwa hiyo mtu inampasa ajichunge mwenyewe.

Turudi kwenye pikipiki. Tiba ya kwanza haigharimu hata senti moja: ni kulegeza mkono. Usukani ushikwe kama ashikavyo mtu kifaranga, asimwachie na asimuue. Pikipiki iliyo katika mwendo hujisimamisha yenyewe, na mwendeshaji ajibane kwa magoti kwenye tangi la mafuta na kuushikilia mwili kwa misuli ya tumbo na mgongo, asiulaze uzito wake wote viganjani. Viwiko viwe vimekunjwa kidogo na kuachwa huru. Akiona mabega yamepanda karibu na masikio, ajue kuwa mikono nayo imekaza.

Ya pili inataka spana tu. Wenzo wa breki na wa klachi hufungwa kiwandani kwa makadirio ya mtu asiyejulikana urefu wake. Kaa juu ya pikipiki iliyozimwa, nyoosha vidole juu ya wenzo, na mwenzako akutazame kwa ubavu: mgongo wa kiganja na mkono wa chini viwe mstari mmoja. Kifundo kikipinda juu au chini, legeza boliti, uzungushe wenzo, ukaze tena. Usukani wenyewe pia huweza kusogezwa nyuma au kuinuliwa. Tumeona watu wakinunua vikorokoro vya dola mia ilhali ugonjwa wote ulikuwa ni boliti moja.

Baada ya hapo ndipo fundi aangalie chombo. Tairi lisilosawazishwa, mnyororo uliolegea, boliti za kushikilia injini zilizoanza kufunguka, na mipira ya usukani iliyochakaa, vyote huongeza mtikisiko. Kuna vizito vidogo vya chuma vinavyofungwa kwenye ncha za usukani. Vinasaidia kwa kuubadilisha mwendo ambao usukani hupenda kutikisika nao, na bei yake si kubwa. Mipira minene na laini husaidia pia, ila isizidi, kwani mkono mdogo ukishika kitu kinene hulazimika kukaza. Kasoro hiyohiyo inazipata glavu nene mno. Kila injini ina mwendo wake inaponguruma vibaya. Anayeijua pikipiki yake hubadili gia au hupunguza maili tano ili aukwepe.

Juu ya mapumziko tuna neno. Msafiri ameruhusiwa kupunguza sala na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na baadhi ya vijana wetu wameigeuza ruhusa hiyo kuwa sababu ya kutosimama kuanzia Cincinnati mpaka Cleveland. Mkono hauna habari za kukusanya. Simama kila baada ya saa moja, japo dakika tano, vua glavu, nyoosha viwiko, fungua na ufunge vidole, tikisa mikono chini. Akiwa njiani na barabara ni tupu, aweza kuushusha mkono wa kushoto pajani kwa sekunde chache na kuupumzisha. Wa kulia, ulioshika mafuta, husubiri kituo.

Wale wa Buffalo wana adui wa ziada, nao ni upepo wa Ziwa Erie, ambao hata mwezi wa Mei unaweza kuwa mkali. Baridi hubana mishipa ya damu kama ulivyo mtikisiko, na vikikutana viwili hivyo vidole hugeuka vyeupe upesi. Glavu zisizopitisha upepo, ngao za kukinga mikono na mipira ya usukani inayopashwa moto kwa umeme wa betri si anasa kwa huko. Sigara nayo hubana mishipa hiyohiyo. Na vidole vilivyokufa ganzi visitiwe katika maji ya moto wakati wa kutawadha, maana mtu huungua bila kusikia. Maji ya vuguvugu yanatosha. (Kwa kuwa tumeitaja Buffalo: New York inamlazimisha kila mwendeshaji kuvaa kofia ngumu, ilhali Ohio na Kentucky huwalazimisha vijana na wanaoanza tu. Anayetoka Louisville kichwa wazi atakuwa na makosa akifika. Kwa maoni yetu avae tangu mlangoni kwake.)

Sasa, ganzi gani ni ya kawaida na ipi si ya kawaida? Inayotoweka dakika chache baada ya kushuka ni onyo tu. Inayodumu mpaka kesho yake, inayomwamsha mtu usiku akawa anaukung'uta mkono, inayomwangushia kikombe au kumfanya ashindwe kugeuza ufunguo, hiyo imekwisha kuwa ugonjwa. Cleveland, mji ambao wasafiri wetu huupita tu, ndiko alikofanya kazi daktari wa mifupa George Phalen, katika hospitali ya Cleveland Clinic, aliyewafundisha wenzake kuutambua ugonjwa wa kubanwa kwa mshipa wa kifundo. Kipimo chake mtu aweza kujifanyia nyumbani: kutanisha migongo ya viganja viwili, vidole vikielekea chini, uviache hivyo kwa dakika moja. Ganzi ikija katika gumba na jirani zake, nenda kwa daktari. Kipimo hiki si hukumu, lakini ni dalili yenye maana.

Ugonjwa huu ukiwahiwa, gango jepesi la kukinyoosha kifundo wakati wa kulala, kwa wiki kadhaa, huwatosha wengi. Wengine huhitaji sindano, na wengine upasuaji mdogo. Ukiachwa mpaka nyama ya chini ya kidole gumba ikanywea, hata upasuaji huenda usirudishe yote. Kina mama wasidhani haya ni ya wapanda pikipiki peke yao. Ugonjwa wa kifundo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hasa waja wazito, na hasa wenye kazi za mkono mmoja unaorudia jambo moja siku nzima.

Pia si kila ganzi hutoka kwenye usukani. Kisukari huharibu mishipa ya fahamu, na aghalabu huanza na nyayo kabla ya mikono. Upungufu wa vitamini B12 hufanya vilevile, na dawa ya kisukari iitwayo metformin, ikinywewa kwa miaka mingi, huweza kuuleta. Na ganzi inayokuja ghafla upande mmoja wa mwili, pamoja na mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito, hiyo ni kiharusi: pigeni 911 saa hiyohiyo.

Wanaofanya kazi maghalani na viwandani wajue kwamba ganzi iliyoletwa na kazi huhesabiwa kuwa ugonjwa wa kazi katika majimbo yote matatu. Huko New York mfanyakazi humwarifu mwajiri kwa maandishi. Kentucky humtaka aarifu mapema iwezekanavyo. Ohio madai hupelekwa kwa idara ya jimbo inayosimamia fidia za wafanyakazi. Wapo wanaoficha mkono kwa kuogopa kufukuzwa, kisha siku ya kusema huulizwa kwa nini hawakusema. Mwambieni daktari kazi mnayoifanya, kwa saa ngapi, na kwa chombo gani, ili ayaandike, na mwambieni habari ya pikipiki pia, bila kuficha moja kwa ajili ya lingine.

Hospitali na zahanati zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinawajibika kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, nayo sheria ya afya ya mwaka 2010 imelitia nguvu jambo hilo. Ombeni mkalimani wa Kiswahili siku mnapopanga miadi, si siku ya kufika, na mwaache mtoto aende skuli.