Nguo Nyeusi na Muziki wa Giza: Mzazi Asikilize Kwanza

Katika baadhi ya nyumba za kambini na mitaani hapa Kampala limeingia jambo linalowatia wazazi wasiwasi. Kijana aliyezoea kuimba kwaya sasa hujifungia chumbani, amevaa nguo nyeusi tangu shingoni hadi miguuni, na simu yake hutoa ngurumo za magitaa, vishindo vya mashine na mayowe ya mtu anayelia kana kwamba nyumba yake inaungua. Mama hudhani mwanawe ameingiwa na pepo. Baba, aliyerudi kutoka zamu ya usiku, huamuru kelele zizimwe mara moja. Mlango hufungwa, na tangu siku hiyo mazungumzo baina yao hukatika.

Kabla ya kutoa hukumu yafaa tujue muziki huu ni nini na umetoka wapi. Askari mwema hamtii mtu nguvuni kwa uvumi, huchunguza kwanza.

Ulizaliwa viwandani

Muziki huu wa giza una matawi kadhaa. Tawi la metali lilichipuka Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikuwa kijana mfanyakazi katika kiwanda cha mabati, na mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Hakukata tamaa. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, na baadaye akazilegeza nyuzi za gitaa ili zisimtaabishe. Nyuzi zilizolegea zikatoa sauti nzito ya kutisha, ambayo vijana wa dunia nzima wanaiiga hadi leo. Basi sauti ambayo mzazi huidhania ya shetani ina asili yake katika ajali ya kazini.

Tawi la pili huitwa indastria, na jina hilo limetokana na kampuni ndogo ya sahani za santuri, Industrial Records, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1976 na kundi la Throbbing Gristle. Huko Berlin Magharibi, mwaka 1980, kundi la Einstürzende Neubauten lilianza kupiga muziki kwa nyundo, keekee na vipande vya chuma. Msomaji aliyewahi kupita Katwe asubuhi, mafundi wakigonga mabati kila mmoja kwa mapigo yake, hatastaajabu kuambiwa kwamba ndani ya kelele kama hizo mtu anaweza kusikia ngoma.

Tawi la tatu ni gothi, lililoanzishwa na bendi kama Joy Division ya Manchester na Bauhaus ya Northampton karibu na mwaka 1979. Wakati ule viwanda vilikuwa vikifungwa na vijana wengi hawakuwa na kazi. Waliimba juu ya upweke, huzuni na mauti, nao wakavaa nyeusi.

Kampala nayo imo

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Bendi ya Vale of Amonition, inayopiga metali ya mwendo wa polepole wenye simanzi, iliundwa hapa Kampala mwaka 2009. Mwaka 2016 ilianzishwa papa hapa kampuni ya kutoa muziki iitwayo Nyege Nyege Tapes. Jina hilo kwa Kiswahili halitamkwi mbele ya wakwe, lakini waliolichagua walikusudia maana ya Kiganda, yaani hamu ya kucheza ngoma isiyozuilika. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilitoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Kenya waliochanganya mayowe na vishindo vya mitambo. Sisi tukisikia duma tunamfikiria mnyama mwenye mbio. Wao walilichukua neno hilo katika Kikikuyu, ambako maana yake ni giza.

Mmoja wa vijana hao, ajulikanaye kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu yake mwenyewe mwaka 2024 akimkumbuka mama mkuu wa ukoo wao, Muthoni wa Kirima, aliyekuwa fildi-masho wa Mau Mau msituni. Je, nani kati yetu sisi watu wa majeshi angemlaumu kijana kwa kumkumbuka mpiganaji wa ukoo wake, hata kama anamkumbuka kwa mayowe?

Kundi la Nihiloxica nalo liliunganisha mashine za umeme na ngoma za Buganda, engalabi ikiwa mojawapo, na mwaka 2020 likatoa albamu iitwayo Kaloli, jina la wale ndege wakubwa wanaozunguka juu ya majaa ya taka ya mji wetu. Engalabi ndiyo ngoma inayosikika katika okwabya olumbe, siku ya kuhitimisha msiba na kumsimika mrithi. Kumbe muziki wa kukabili mauti haukuletwa kwetu kwa ndege. Babu zetu walikuwa nao.

Marufuku huzaa nini?

Tanzania, mwaka 1969, muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa kuwa uliaminiwa kuwapotosha vijana. Hapa Uganda, mwaka 1972, serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku sketi fupi. Mwaka 2018 waziri wa maadili, marehemu Simon Lokodo, alitangaza kulizuia tamasha la Nyege Nyege la Jinja, na mwaka 2022 Bunge likataka lizuiwe tena. Mara zote mbili lilifanyika baada ya serikali kuweka masharti.

Leo nyimbo zile za soul hupigwa harusini, na wanaozishangilia zaidi ni mababu na mabibi. Hatusemi kwamba kila wimbo ni mwema. Zimo nyimbo zinazotukana dini, na zimo zinazousifu ukatili. Mzazi ana haki ya kukataza tusi ndani ya nyumba yake, na jirani aliyetoka lindo ana haki ya kulala. Lakini kukataza tusi ni jambo moja, na kukataza huzuni ni jambo jingine.

Hatari iko wapi?

Ian Curtis, mwimbaji wa Joy Division, aliugua kifafa na kuzongwa na huzuni. Alijiua mwezi Mei 1980, akiwa na umri wa miaka 23. Wenzake wa bendi walikiri baadaye kwamba hawakuyatilia maanani maneno aliyokuwa akiyaimba. Walisimama naye jukwaani usiku baada ya usiku, wakasikia sauti, wasimsikie mtu. Hilo ndilo funzo kubwa kwa mzazi.

Hatari nyingine huwakabili hao wavaao nyeusi wenyewe. Mwezi Agosti 1991 ulikuwa bado mbali na kisa hiki. Kilitokea Agosti 2007, katika bustani ya mji wa Bacup, Uingereza. Msichana Sophie Lancaster, mwenye umri wa miaka 20, alishambuliwa na kundi la vijana pamoja na mchumba wake kwa sababu ya mavazi yao tu. Alifariki dunia mwezi huo huo. Mwaka 2013 polisi wa Manchester walianza kuyaandikisha mashambulio ya namna hiyo kuwa makosa ya chuki. Askari wetu na wakumbuke kisa hicho: aliyevaa nyeusi huenda ndiye anayehitaji ulinzi.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, mzazi aketi na mwanawe amwombe amsikilizishe wimbo mmoja anaoupenda, kisha amwulize, "Mwanangu, hapa anasema nini?" Asicheke, wala asikemee kabla wimbo haujaisha.

Pili, aangalie mwenendo kuliko rangi ya nguo. Kijana anayekula, anayesoma na mwenye rafiki hana neno, hata akivaa nyeusi mwaka mzima. Lakini asiyelala, aliyeacha chakula, anayegawa vitu vyake avipendavyo au anayesema kwamba heri asingezaliwa, huyo asiachwe peke yake. Apelekwe kwa mganga wa hospitali bila kukawia. Hospitali ya Butabika ipo kwa ajili ya maradhi ya akili, na kwenda huko si aibu.

Tatu, vijana hawa hupenda viatu na makoti ya kijeshi. Sheria ya Uganda inamkataza raia kuvaa sare za jeshi. Basi sare ya baba ifungiwe sandukuni, na anayenunua mitumba Owino achague koti jeusi la kawaida.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Malezi hayawezi kupita katika mlango uliofungwa. Jioni ya leo, afande, ukivua buti zako, bisha hodi katika chumba cha mwanao. Na akikukaribisha, keti usikilize.