Mbinu za kupatana bei ya zana zilizotumika bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

WAHENGA walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo humsuta mvivu anayesingizia ubovu wa chombo ili asiingie shambani. Hata hivyo, kwa kijana aliyehitimu juzi katika chuo cha ufundi, na ambaye mtaji wake wote ni shilingi elfu chache alizokopa katika chama, kuchagua jembe ni sehemu ya kulima. Akikosea siku ya kununua, kazi haianzi ilhali deni linaendelea kudai.

Kwa kuwa zana mpya ni ghali, mafundi wengi huanza na zile zilizokwisha kutumika. Baadhi yao huwaendea watu binafsi: fundi mkongwe anayestaafu, mjane anayeuza vifaa vya marehemu mumewe, mwanakandarasi aliyemaliza mradi, au jirani aliyenunua keekee ya umeme kutoboa ukuta mmoja kisha akaisahau kabatini. Watu hawa hawalipi kodi ya duka wala hawategemei faida ya kila siku, na kwa sababu hiyo bei zao huweza kuwa nafuu mno.

Lakini unafuu huo una upande wa pili. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, haimlazimishi kila muuzaji kuhakikisha ubora wa anachokiuza. Ulinzi iliouweka kuhusu ubora humwelemea zaidi mtu anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo. Kwa anayenunua kutoka kwa jirani, jukumu la kufungua macho ni lake mwenyewe. Muuzaji haruhusiwi kudanganya, lakini halazimiki kutaja kila kasoro ambayo hakuulizwa.

Ndiposa mapatano mema hayaanzi kwa kutaja bei. Huanza kwa maarifa, na maarifa hayo ni ya aina tatu: thamani ya zana, hali yake, na mahali ilikotoka.

KUJUA THAMANI

Kabla ya kwenda kwa muuzaji, mnunuzi anapaswa kujua zana kama ile inauzwaje dukani ikiwa mpya, na vipuri vyake vinagharimu kiasi gani. Ziara moja katika maduka ya vifaa vya ujenzi, au kwa mafundi wa jua kali kama wale wa Kamukunji jijini Nairobi, humpa picha hiyo. Kuuliza si ujinga.

Baada ya hapo huja hesabu ndogo. Chukulia kwamba grinda mpya ya kukatia vyuma ni shilingi 12,000, na kwamba mnunuzi yuko tayari kulipa nusu yake, yaani shilingi 6,000, kwa iliyotumika lakini ikiwa nzima. Akikuta kwamba inahitaji brashi za kaboni za shilingi 300, waya wa shilingi 500, na shilingi 1,200 za beringi pamoja na ujira wa fundi, basi matengenezo ni shilingi 2,000. Nauli ya kuifikisha nyumbani ikiwa shilingi 200, kikomo chake ni shilingi 3,800. Zaidi ya hapo, hata kama muuzaji amepunguza bei mara tatu, mnunuzi amepata hasara.

Kosa la kawaida ni kupiga simu na kuuliza, "Bei ya mwisho ni ipi?" kabla ya kuiona zana. Muuzaji akishataja bei ya mwisho huona aibu kuishusha tena, na mnunuzi hukosa nafasi ya kuzungumzia kasoro atakazozikuta. Yatosha kuuliza zana ni ya aina gani, imetumika kwa kazi ipi, na inaweza kuonekana lini.

KUKAGUA KWA MACHO NA MIKONO

Kwa mashine ya umeme, jambo la kwanza ni kusoma kibati kilichobandikwa ubavuni. Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na hezi 50. Zana zilizotengenezewa soko la Marekani hutumia volti 120, na nyingi za zile zilizotumika katika maeneo ya ujenzi nchini Uingereza ni za volti 110, aghalabu zikiwa na plagi ya rangi ya manjano. Mashine kama hizo zikichomekwa moja kwa moja katika soketi ya Kenya huweza kuungua papo hapo. Anayezitaka hana budi kuongeza bei ya transfoma katika hesabu yake, na transfoma nzito haibebeki kirahisi kutoka kazi moja hadi nyingine.

Pili, zana ifanyishwe kazi. Keekee inayozunguka vizuri hewani huweza kukwama ikikutana na mbao ngumu. Mnunuzi mwerevu huenda na kipande cha ubao, chuma na misumari yake, kisha huitumia mashine kwa dakika kadhaa. Cheche chache kwenye brashi za kaboni si ajabu, lakini duara zima la moto ndani ya mashine, pamoja na harufu ya kuungua, ni dalili kwamba mota imeanza kuharibika. Mashine ya kuchomelea vyuma nayo ijaribiwe kwa kuunganisha vipande viwili, si kwa kusikiliza mlio wake tu.

Zana zinazotumia betri zina mtego wake. Betri ndiyo sehemu inayochakaa mapema, na bei ya betri mpya huweza kukaribia ile ya zana yenyewe. Isitoshe, betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii katika zana ya kampuni nyingine. Zana isiyo na chaja, au iliyo na betri inayozimika baada ya kutoboa matundu machache, ihesabiwe kama isiyo na betri kabisa.

Kwa jenereta, mnunuzi aguse injini kabla ya kuiwasha. Akiikuta ina joto, huenda imewashwa mapema ili kuficha ugumu wake wa kuwaka ikiwa baridi. Moshi wa samawati usiokoma huonyesha kwamba injini inachoma oili, na huo ni ugonjwa wa gharama.

Zana za mkono zina siri inayowanufaisha wanaoijua. Kutu ya juujuu kwenye randa, patasi au spana hushusha bei kuliko inavyoshusha thamani. Msasa, mafuta na saa moja ya kazi huirudishia zana sura yake. Kutu iliyochimba mashimo kwenye makali ni jambo jingine, maana makali hayo hayatakaa sawa hadi chuma kinolewe kupita mashimo hayo. Kwa upande mwingine, rangi mpya inayong'aa iamshe shaka. Jiliwa la chuma cha kalibu lililopasuka likipakwa rangi huonekana zima, ilhali kuunganisha ufa wa chuma hicho ni kazi ngumu isiyo na uhakika. Mnunuzi afungue jiliwa mpaka mwisho, atazame meno ya skrubu yake, kisha apitishe ukucha mahali panapobeba mzigo.

KUSEMEZANA

Baada ya ukaguzi, mnunuzi ana silaha ya haki, nayo ni ukweli. Wengi hudhani kwamba kupatana bei ni kuikejeli bidhaa. Kuitusi randa ambayo mzee alisomeshea watoto wake ni kumtusi mzee mwenyewe, na mtu aliyetusiwa hapunguzi bei. Mnunuzi aanze kwa kusifu kinachostahili, ataje kasoro mojamoja huku akizionyesha, kisha atoe bei yenye sababu.

"Mzee, grinda hii ni nzuri na inaonekana uliitunza," aweza kusema. "Ila brashi zimekwisha, waya umechunika hapa, na beringi inalia. Fundi atanitoza kama elfu mbili kuirekebisha. Nikikupa elfu tatu, itakuwaje?"

Mzee aliyetaja shilingi 6,500 hapo awali huenda akajibu, "Kijana wangu, hiyo ni kidogo mno. Ongeza kitu."

Hapa ndipo subira hulipa. Badala ya kuruka hadi kikomo chake, mnunuzi hupanda kidogo kidogo, kila hatua ikiwa fupi kuliko iliyotangulia. Anapokaribia mwisho aweza kubadilisha mazungumzo kutoka shilingi hadi vitu: "Nikifika elfu tatu na mia nane, utanipa pamoja na zile diski za kukatia zilizo kwenye kisanduku?" Muuzaji anayefunga karakana mara nyingi hana haja ya diski, vibiko wala sanduku la zana, na kwake kuvitoa ni rahisi kuliko kushusha bei tena. Kwa mnunuzi, vitu hivyo ni pesa ambazo angezitumia dukani wiki inayofuata.

Pesa zilizo tayari nazo zina uzito wake. Muuzaji huthamini elfu nne za leo kuliko elfu tano za mwezi ujao. Hata hivyo, pesa zisitumwe kabla ya zana kuonekana. Anayedai ada ya "kushikilia" zana ambayo mnunuzi hajaitia machoni aepukwe, maana hiyo ni njia iliyozoeleka ya walaghai. Na iwapo bei haikubaliki, mnunuzi aage kwa heshima na kuacha nambari yake ya simu. Biashara haigombi, na zana isiyouzwa leo huenda ikamrudisha muuzaji kwenye simu kesho.

ASILI YA ZANA

Zipo bei ambazo hazipaswi kukubaliwa hata zikiwa za kuvutia kiasi gani. Wizi wa zana katika maeneo ya ujenzi na karakana umewafilisi mafundi wengi, na zana hizo huuzwa kwa haraka na kwa bei ya kutupa. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinaeleza kwamba anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Bei iliyo chini kupita kiasi yaweza kuhesabiwa miongoni mwa sababu za kumfanya mtu ashuku. Hata asiposhtakiwa, mnunuzi huweza kupokonywa zana na kurudishiwa mwenyewe, huku aliyeiuza akiwa ametoweka na pesa.

Dalili za hatari hazijifichi sana. Nambari ya mashine imekwanguliwa, jina lililochongwa kwenye mpini limesuguliwa, muuzaji hajui zana inavyofanya kazi, au anasisitiza kukutana gizani kando ya barabara. Mwenye zana halali kwa kawaida huweza kueleza aliinunua wapi, aliifanyia kazi gani na kwa nini anaiuza. Maswali hayo huulizwa kwa upole, kama mazungumzo ya kawaida ya mafundi.

Mapatano yakikamilika, yaandikwe. Karatasi moja yenye tarehe, aina ya zana, nambari yake, bei, majina na nambari za vitambulisho vya pande zote mbili, pamoja na sahihi ya shahidi, yatosha. Kulipa kwa M-Pesa huongeza ushahidi, kwani ujumbe wake huonyesha jina, kiasi na saa ya malipo. Mnunuzi ahakikishe kwamba jina hilo ni la mtu aliye mbele yake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la mwisho ni uadilifu. Mjane asiyejua thamani ya sanduku la zana aliloachiwa anaweza kushawishiwa kuliuza kwa bei ya vyuma chakavu. Mnunuzi anayemweleza ukweli na kulipa bei ya haki hupoteza shilingi kadhaa siku hiyo. Hata hivyo, fani ya ufundi huendeshwa kwa sifa: mama huyo ana majirani, na marehemu alikuwa na wenzake ambao siku moja nao watauza vifaa vyao. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na msemo huo huwahusu wanunuzi kama unavyozihusu bidhaa.

Kijana aliyekopa katika chama hahitaji zana ya bei ya chini kuliko zote sokoni. Anahitaji ile itakayofanya kazi Jumatatu asubuhi, ambayo hakuna atakayekuja kuidai, na iliyombakishia akiba ya kununulia vipuri.