Inazimika au inazimikaka? Kueleza hitilafu za Linux kwa Kiswahili chetu

"Ordinateri yangu inazimikaka." Mwenzetu mmoja alisema maneno hayo matatu, akamwachia fundi mashine yake ya mezani, akarudi jioni. Fundi alikuwa amesikia kwamba Linux imeharibika. Akafuta diski yote na kuweka mfumo upya. Ndani ya diski hiyo mlikuwa na sura mbili za kazi ya kumaliza masomo, na nakala nyingine haikuwapo. Mashine yenyewe ilirudi nyumbani ikaendelea kuzimika kama zamani.

Fundi huyo si mjinga, wala mwenzetu hakudanganya. Tatizo ni kwamba sentensi ile ilikuwa na habari moja muhimu sana ambayo hakuna aliyeishughulikia, na habari hiyo imo katika silabi moja. Sisi wa kitivo cha lugha tungepaswa kuwa wa kwanza kuiona.

Katika Kiswahili sanifu angesema "huzimika". Hapa Kolwezi, kama ilivyo Likasi na Lubumbashi, hu- ya mazoea haisikiki sana mitaani. Kazi yake inafanywa na -ak- inayokaa kabla ya irabu ya mwisho: anasemaka, tunaendaka, inazimikaka. Ni kiambishi kinachofanana na vile vya lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka. Kwa hiyo "ilizimika" ni tukio, lakini "inazimikaka" ni tabia. Anayetafuta chanzo cha hitilafu huanza hapo hapo: ni mara moja, ni kila mara, au ni mara kwa mara? Kama ni mara kwa mara, kunakuwa na nini wakati huo?

Tukiipeleka sentensi ile kwa Kifaransa, lugha tunayoandikia karibu kila kitu, tunapata "l'ordinateur s'éteint". Ni sasa hivi? Ni kila siku? Kitenzi hakisemi. Mwandishi makini ataongeza neno la kuonyesha mazoea, lakini wengi wetu hatuongezi, kwa sababu kichwani -ak- ilikwisha kutusemea.

Turudi kwenye mashine. Linux nyingi za siku hizi huandika daftari la kila kinachotokea. Amri "journalctl --list-boots" huorodhesha kila mara kompyuta ilipowashwa, na saa ambayo maandishi ya mara hiyo yalikoma. "journalctl -b -1 -e" hufungua mwisho wa daftari la mara iliyotangulia. Mashine ikizimwa kwa utaratibu, mistari ya mwisho huonyesha huduma zikifungwa moja baada ya nyingine. Daftari likikatika ghafla, kama mtu aliyenyang'anywa kalamu katikati ya neno, basi mashine imekatwa: umeme umeyumba, joto limezidi, au kiini cha mfumo kimeganda chenyewe.

Mfumo mpya uliowekwa na fundi ulikuwa nao umeanza kujaza daftari lake. Mara nne ulikuwa umekatika ghafla, zote jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja. Daftari halikusema zaidi ya hapo, na haliwezi. Mwenye mashine ndiye aliyekumbuka kwamba saa hizo kibanda cha kuchomelea vyuma kilicho nyuma ya nyumba yao hupata kazi nyingi. Aliazima onduleur kwa wiki moja, na mashine haikuzimika hata mara moja. Linux haikuwa na kosa lolote, na sura mbili zilipotea bure.

Hapo ndipo ripoti ya hitilafu inapoonekana kuwa aina ya maandishi yenye kanuni zake, kama barua rasmi au muhtasari wa kikao. Mwaka 1999 Simon Tatham, mtunzi wa programu ya PuTTY, aliandika insha juu ya namna ya kuripoti hitilafu ambayo watengenezaji wa programu bado wanawatumia wageni. Shabaha yake ni hii: mwezeshe mtengenezaji aione programu ikishindwa mbele ya macho yake mwenyewe, na ukishindwa kumfikisha hapo, mweleze kwa undani ulichofanya na ulichokiona. Maoni yako juu ya chanzo yanaweza kufuata, lakini yasichukue nafasi ya ulichokiona.

Kiswahili kina vifaa vyote vya kazi hiyo. Kinachotuponza ni kauli ya -ik-, tunayoipenda mno. Faili limefutika, dirisha halifunguki, kibodi imeharibika. Kauli hii inamwondoa mtendaji kabisa. Ni adabu nzuri mbele ya mwenye nyumba uliyemvunjia kikombe, lakini katika ripoti inafuta hasa hatua zinazotafutwa. Mrudishe mtendaji kwa -li-, kisha fuatisha hatua kwa -ka-: "Nilifungua faili lililoko kwenye ufunguo wa USB, nikaongeza mistari miwili, nikabonyeza Ctrl+S, ukatokea ujumbe huu." Halafu sema ulichotarajia, kisha kilichotokea. Halafu -ak- yako: mara tatu kati ya tano, au kila mara.

Sina hakika kwamba ugumu huu ni wa kompyuta peke yake. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 juu ya Kiswahili na utawala wa kikoloni huku Katanga, ameonyesha jinsi Kiswahili kilivyofungwa pamoja na kazi na uongozi wa wafanyakazi. Ukitazama misamiati iliyotungwa kwa ajili ya mabwana wa enzi hizo, unakutana na amri nyingi: leta, beba, ngoja. Mtu wa chini kumweleza mtengenezaji wa mashine kwamba mashine yake ina kosa, na lipo mahali gani, ni mazungumzo ambayo misamiati hiyo haikuyaandaa.

Sasa mfano wa pili, ambao ni hitilafu kweli, ingawa si pale ilipodhaniwa. Kwenye Ubuntu 22.04 mmoja wetu alitaka tarehe na ujumbe wa mfumo vije kwa Kiswahili cha Kongo. Alifungua faili la /etc/default/locale akaandika LANG=sw_CD.UTF-8, yaani Kiswahili, nchi ya Kongo. Akawasha upya. Tangu hapo terminali haikufunguka. Unabofya, alama ya kusubiri inazunguka kidogo, basi. Ripoti aliyokuwa karibu kuituma ilisema: "Terminali imekufa baada ya kuwasha upya."

Tulibonyeza Ctrl+Alt+F3, tukaingia kwa skrini ya maandishi matupu, tukaandika "journalctl -b | grep -i locale". Katikati ya mistari mingine palikuwa na huu: "Non UTF-8 locale (ANSI_X3.4-1968) is not supported!"

Ujumbe kama huo usiutafsiri, usiufupishe, wala usiupige picha ya simu yenye kivuli cha kidole. Unakili herufi kwa herufi, pamoja na alama ya mshangao, kama unavyonakili msitari wa muswada wa kale. Watengenezaji na injini za utafutaji hutafuta maneno hayo hayo. Kama mfumo wako unazungumza Kifaransa, tanguliza LC_ALL=C mbele ya amri, kwa mfano "LC_ALL=C apt list", na ujumbe utatoka kwa Kiingereza cha asili.

ANSI_X3.4-1968 ni jina rasmi la ASCII, hazina ndogo ya herufi isiyo na hata é. Ilitoka wapi, ikiwa faili lilisema UTF-8? Ilitoka kwenye pengo. Maktaba ya msingi ya mfumo, glibc, ina faili la kila lugha na nchi inayoitambua. Fungua /usr/share/i18n/SUPPORTED utaona sw_KE na sw_TZ. Utaona hata ln_CD, Lingala ya Kongo. Sw_CD kwenye mashine ile haikuwamo. Mfumo usipokuta lugha uliyoitaja hurudi kimya kwenye hali ya msingi, ambayo ni ASCII, na terminali ya GNOME inakataa kufanya kazi humo. Dawa ilikuwa mistari miwili: "sudo locale-gen sw_TZ.UTF-8", kisha "sudo update-locale LANG=sw_TZ.UTF-8", na kuwasha upya.

Kwa hiyo aliyestahili ripoti si mtengenezaji wa terminali. Angeijibu kwa neno moja na kuifunga, na mwenzetu angebaki akiamini kwamba watu wa mbali hawasikilizi. Kabla ya kutuma, tafuta kama mwingine amekwisha kuripoti. Kwenye Ubuntu, "ubuntu-bug" pamoja na jina la programu hukusanya matoleo na madaftari yenyewe. Kwenye Debian kuna "reportbug". Kwa anayehesabu mega zake, "ubuntu-bug --save ripoti.apport gnome-terminal" huhifadhi yote kwenye faili, ukalituma siku ukipata mtandao. Lisome kwanza: jina lako la mtumiaji linaweza kuwa mle, na ripoti nyingi husomwa na kila mtu.

Na sw_CD? Tumeanza kuandika ombi, na hapo kompyuta imetuachia kazi yetu wenyewe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Kiswidi IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice katika mradi wa Kilinux, na kabla ya kuitoa ilibidi watu wakae wachague maneno. Faili la lugha ni fupi kuliko hilo: majina ya siku na miezi, alama ya franga, mpangilio wa tarehe. Tumekwama kwenye mstari wa siku. Upande mmoja unataka Jumatatu, kwa sababu ndiyo iliyo vitabuni. Upande wa pili unauliza nani sokoni husema Jumatatu, wakati siku hiyo watu huiita siku ya kwanza, na tatu ni siku nyingine kabisa. Orodha ya ISO 639-3 inatupa hata msimbo wetu, swc, tofauti na swh ya pwani, kwa hiyo upande wa pili hauna hoja dhaifu. Rasimu iko kwenye mashine ya maktaba, na nafasi ya siku bado ni tupu.